Semina ya bayosekyuriti kwa madaktari wa mifugo Mbeya, tuweke nini?

Bwana_Mifugo_Uyole:
Wakuu habari. Tunaandaa semina hapa Uyole kwa madaktari wa mifugo na maafisa wa kata, mada ni namna ya kumsaidia mfugaji kuzuia magonjwa yasiingie bandani. Sasa slaidi nilizopewa ni za mashamba makubwa ya Ulaya, uzio, bafu la kuoga kabla ya kuingia, huku kwetu mtu ana ng'ombe wawili nyuma ya jiko na mbuzi wanaochungwa pamoja na wa kijiji kizima. Mngetaka daktari wenu afundishwe nini hasa?

Mama_Maziwa_Tukuyu:
Anzeni na madaktari wenyewe jamani. Anakuja na pikipiki katokea kwa mtu ambaye ng'ombe wanatoa udenda na kuchechemea, ugonjwa wa miguu na midomo huo, gambuti zina mavi ya huko huko halafu anaingia bandani kwangu moja kwa moja. Nikimwambia anawe ananiona namdharau. Na sindano ni hiyo hiyo moja kwa ng'ombe wote.

Dokta_wa_Pikipiki (Iringa):
Kamwene. Mama hajakosea, sindano moja inahamisha ndigana baridi (ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe) hata kama kupe umewamaliza. Ila wafundishwe pia kwamba kuchovya gambuti lenye mavi kwenye dawa ya kuua vijidudu ni bure, mavi yanaua nguvu ya dawa, kwanza brashi na maji ya sabuni, dawa baadaye. Lile karai la dawa la kukanyaga mlangoni nalo kwa mvua za Tukuyu linageuka maji tu.

Tatizo lingine hatulisemi: daktari analipwa akichoma sindano, ushauri nani analipia? Ndo maana anafika, anachoma, anaondoka. Mimi ningeweka mazoezi ya kuongea na mfugaji, bila kumhutubia. Muulize ng'ombe wa mwisho kuingia katoka wapi, dume anachangia na nani, ng'ombe akitupa mimba kondo anapeleka wapi (wengi wanawapa mbwa, na wanalishika mikono mitupu!). Halafu mchague pamoja kitu kimoja anachokiweza.

Mbuzi_Mbarali:
Mnasahau mnada. Mbuzi akikosa mteja anarudi nyumbani jioni na analala na wenzake, kashinda amebanana na mbuzi wa kila kona. Sotoka ya mbuzi (ugonjwa wa virusi unaoua mbuzi na kondoo) na homa ya mapafu zinaingia hivyo. Sotoka ya ng'ombe dunia iliimaliza 2011, hii ya mbuzi lengo ni 2030, kwa minada hii sijui.

Dokta_wa_Pikipiki:
Kweli mkuu, huyo aliyerudi ni mgeni kama wa kununua. Mtenge wiki tatu hivi, ahudumiwe wa mwisho. Japo homa ya mapafu ya ng'ombe inaweza kujificha miezi, hapo kutenga peke yake hakutoshi, chanjo muhimu.

Bwana_Mifugo_Uyole:
Asanteni, slaidi za bafu nafuta. Gambuti na sindano tunafanya kwa vitendo asubuhi ya kwanza, mnada naongeza.

Mbuzi_Mbarali:
Sawa, ila kiangazi hiki wiki tatu majani ya kumkatia huyo aliyefungwa yatatoka wapi? Daktari mwenye jibu la hilo mleteni huku tumsikilize.