Maua ya kanda za vikwembe: nishonee juu ya karatasi au kitambaa?

MamaSindano, Bukavu
Jambo wapendwa. Nashona nguo hapa Kadutu, na mabaki ya vikwembe, yaani vitenge, yamejaa mifuko. Binti yangu anaolewa, nataka kumshonea blanketi la maua kwa mtindo wa zamani wa Marekani, petali zikiungwa kwa kanda nyembamba. Kanda nizishonee juu ya karatasi au kitambaa? Na vikwembe vina michoro mikubwa, rangi kali: ua litaonekana kweli?

Yaya_Lushi
Hongera ya binti, mama! Karatasi. Miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka, kina mama wa Marekani walishonea juu ya magazeti, na vitambaa vyao vingi vilikuwa magunia ya unga na ya chakula cha kuku yaliyochapwa maua. Gazeti huacha wino, tumia karatasi ya daftari. Chora petali. Weka ukanda wa kwanza katikati, uso juu. Wa pili ulaze juu yake uso kwa uso, shona ukingo, kunjua, piga pasi, endelea mpaka petali ifunikwe. Mishono iwe mifupi, ili mwishoni ukiitoa karatasi ichanike bila kuvuta uzi. Kata ukiacha nusu sentimita ya pindo.

Fundi wa Birere, Goma
Kwa vipande vya mraba ningechukua shuka kuukuu la pamba, linabaki ndani na kuimarisha. Kwa petali yaya amesema kweli, kitambaa kingefanya pindo liwe nene.

Ila suala zito ni rangi. Kikwembe chenye ua kubwa ukikikata ukanda wa sentimita tatu, mchoro unapotea, inabaki rangi. Kwa hiyo panga kwa rangi: petali nyekundu na machungwa, majani kijani peke yake. Chini weka merikani, kitambaa cha pamba kisicho na mchoro wowote. Hapo wengi wanaharibu, wanaweka kikwembe juu ya kikwembe! Panga sakafuni, piga picha, uigeuze nyeusi na nyeupe. Ua likizama pichani, badilisha kanda.

Mama_Ibanda
Fua vyote kwanza, kila rangi kivyake. Nyekundu na buluu nzito zitachafua merikani yako.

MamaSindano
Aksanti sana. Na katikati ya ua?

Yaya_Lushi
Duara la rangi moja, ulishone mwisho kwa mkono. Linafunika ncha zote za petali.