Naomba ushauri: picha moja kila siku ya maisha ya Moshi, ruhusa iombwe lini?

Mleta mada
Wanajukwaa, habari za majukumu. Mimi ni mkazi wa Moshi, na tangu Januari nimekuwa nikipiga kwa simu picha moja kila siku na kuandika chini yake tarehe na mtaa. Nimejiwekea sharti kwamba Kilimanjaro usiwe mada, kwa kuwa mlima umeshapigwa picha vya kutosha, ilhali vinyozi wa Majengo, wauza mitumba wa Memorial na akina mama wanaoshusha mikungu ya ndizi Mbuyuni hawana anayewakumbuka. Kinachonikwamisha ni ruhusa. Nikiomba kwanza, mtu huacha kazi, hunyoosha kola na kusimama wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nisipoomba, naulizwa nimetumwa na nani, na wengine hudai hela wakiamini kwamba picha zinauzwa kwa watalii. Nakusudia kuziweka mtandaoni mwakani. Wenye uzoefu mnafanyaje?

Mwenyeji wa Pasua
Ndugu, omba kwanza, kisha usiondoke. Watu hujiweka sawa kwa dakika chache tu. Mteja akiketi, kinyozi atarudi kwenye mashine yake na wewe utasahaulika pale pembeni. Kwa sababu hiyo ningekushauri upunguze maeneo: chukua Mbuyuni peke yake kwa wiki kadhaa, uende saa tofauti, alfajiri mizigo inaposhushwa na jioni meza zinapofungwa, kwani anayebadilisha mtaa kila siku huwa mgeni kila siku, na swali la nani kamtuma halitaisha. Tena safisha baadhi ya picha uwapelekee wenyewe. Mama aliyepokea picha yake ya karatasi ndiye atakayekutetea kwa jirani yake wa meza ya pili, na kwa maneno makali kuliko yako. Kuhusu hela, mimi silipi, ila hununua ndizi kila ninapopita. Huenda ni jambo lilelile.

Kiboriloni Juu
Napingana kidogo na mchangiaji aliyetangulia. Kondakta anayedandia Hiace ikiwa imeshaanza kutoka stendi huwezi kumwomba ruhusa, na picha hiyo ndiyo mji wenyewe. Piga, kisha ukimpata mwonyeshe. Akikataa, ifute mbele ya macho yake.

Mama Wawili
Utaratibu huo unafaa kwa kondakta, lakini haufai kwa watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa nyeti, na kwa kuwa unakusudia kuchapisha, wanafunzi wanaotoka shule wapige picha kutoka nyuma, nyuso zisionekane, au upate kwanza ridhaa ya mzazi. Hospitalini usipige picha za wagonjwa. Maeneo ya polisi na jeshi yaache kabisa, na kumbuka kwamba Shule ya Polisi iko hapahapa mjini kwetu.

Fundi Mwanga
Nyongeza ndogo: kwetu jua la saa sita huwa karibu utosini, hivyo uso ulio chini ya kofia au kilemba hutoka mweusi. Saa hizo tafuta baraza lenye kivuli, au subiri saa kumi na moja.

Mleta mada
Nashukuruni. Nitaanza na Mbuyuni, na kwa wanaopita mbio nitafuata njia ya Kiboriloni Juu. Je, mtu aliyekubali akibadili mawazo baada ya picha kuchapishwa?

Mama Wawili
Iondoe bila mabishano, hata kama ndiyo unayoipenda kuliko zote, kisha uweke nyingine ya tarehe hiyohiyo. Kwa hiyo kila siku piga nne au tano za watu tofauti na uzihifadhi zote mahali pawili, ijapokuwa utachapisha moja.