Nimelipia mtutu wa zaidi ya milimita 470, nimepewa 469.9, halafu kachukua risiti YANGU akaibandika kwenye mdomo wa mtutu!

Baba Mbuzi

Wakuu, naandika nikiwa kwenye gari nje ya karakana ya yule fundi wetu wa bunduki, mikono inatetemeka, hata injini sijawasha. Mnamjua. Sitaji jina wala sina haja, kwa sababu kila Mswahili wa huku Alberta mwenye bunduki ameshamwachia hela yule mzee wa ndevu na kikombe chake ambacho hakijaoshwa tangu enzi za Trudeau baba, yule waziri mkuu wa zamani.

Huyo mtu leo kachukua risiti yangu, risiti ya hela yangu, kailamba kwa ulimi, kaibandika kwenye mdomo wa mtutu wangu mbele ya wateja, kisha akasema: "Haya, sasa imetimia." Watu wakacheka. Kuna mmoja alicheka mpaka akashika kaunta!

Kwa wasiojua habari za Kanada: bunduki inayojikoki yenyewe, inayotumia risasi za kugongwa katikati ya kitako, mtutu wake ukiwa chini ya milimita 470 inaingia kundi la masharti. Isajiliwe, ifungwe kufuli, uipigie uwanja wa shabaha tu. Kuwindia hapana. Koyote, yule mnyama wa porini wa jamii ya mbweha, anabeba mbuzi wako mchana kweupe na wewe bunduki iko ndani, unamrushia maneno. Mbuzi wangu wameliwa nikiangalia! Njia halali ipo: unabadilisha mtutu, unaweka mrefu zaidi, unatoa taarifa, bunduki inathibitishwa, rekodi inabadilishwa, unahamia kundi lisilo na masharti. Ndicho nilichofanya. Nilimwandikia kwenye fomu ya oda kwa herufi kubwa: ZAIDI YA 470.

Yeye kaagiza wa inchi 18 na nusu.

Pigeni hesabu wenyewe, 18.5 mara 25.4. Ni 469.9! Ndiyo maana mitutu mingi inayoletwa soko la huku ni ya inchi 18.6. Haikuwekwa hiyo pointi sita kwa urembo! Mtu ana karakana miaka yote hiyo, cheti kakining'iniza ukutani, hajui? Sheria inasema "chini ya 470". Haisemi "karibu na", haisemi "ukikodoa macho".

Namwambia, ananijibu ataweka breki ya kupunguza teke mdomoni, urefu utafika. Nikamwambia mzee, sheria ya jinai imeandika wazi: unapima kutoka mdomoni hadi chemba, pale risasi inapokaa, chemba ikiwemo, na kifaa chochote cha kupunguza teke au mwako HAKIHESABIWI. Akanitazama kama mtoto anayeomba pipi. Ndipo akachukua risiti. Akailamba. Akaibandika. "Haya, sasa imetimia."

Na kumpelekea tu ilibidi niombe kibali cha kusafirisha, kwa sababu tangu Julai 2021 kibali kinachokuja na leseni hakikufikishi kwa fundi, kinakufikisha uwanjani. Kwa hiyo niombe tena! Nifunge triga kufuli tena, niweke kwenye sanduku lisiloonyesha ndani, sanduku nalo kufuli, niendeshe mpaka kwake, nikabandikiwe nini safari hii? Stempu?

RISITI YANGU, wakuu. Ina jina langu.

Mla Ugali Calgary

Pole sana mkuu. Ila nimecheka hadi mke wangu kauliza kuna nini. Sehemu moja ya kumi ya milimita ndiyo unene wa karatasi kweli. Kwa hiyo kihesabu mzee alikuwa sahihi 😂

Baba Mbuzi

Usinichekee. Karatasi siyo mtutu. Nikikutwa nayo porini nitamwambia askari "afande, kuna risiti"?

Kuli wa Edmonton

Hii chai. Nani analamba risiti? Zile karatasi za siku hizi zina kemikali.

Baba Mbuzi

ALILAMBA. Nilikuwa nimesimama umbali wa kaunta. Ulimi nimeuona.

Shangazi Houston

Huyo fundi wenu anaangalia sana video za huku Marekani. Huku mtutu wa raifo usipungue inchi 16, ukishuka hapo unaingia kwenye ile sheria ya 1934 ya silaha zinazobanwa sana, na breki ikichomelewa kabisa isitoke tena inahesabiwa kwenye urefu. Ndiyo kakuletea mambo ya Texas Alberta. Ila mwanangu, ulimlipa kabla ya kupima?

Baba Mbuzi

Shangazi, nililipa kwa sababu nilimwamini. Fimbo ya kupimia alikataa kuitoa, nikatoa yangu, nikafunga bolti, nikaiingiza kutoka mdomoni, nikaweka alama. Alipoona alama ndiyo akaenda kwenye risiti.

Mzee wa Shabaha

Angalau wewe una mtutu wa kubadilisha. Mimi nina AR-15, raifo inayojikoki yenyewe. Hiyo ilikuwa kundi la masharti kwa JINA, siyo kwa urefu, hata ungeifungia bomba la maji la mita tatu ingebaki pale pale. Halafu Mei 1, 2020 ikapigwa marufuku kabisa. Iko kabatini inakula vumbi, msamaha wa kukaa nayo bila kushtakiwa unasogezwa tu, sasa ni mpaka Oktoba 30, 2026. Wewe unalia na unene wa karatasi, mimi nalia na bunduki nzima.

Baba Mbuzi

Mkuu, fungua uzi wako. Hapa tunaongelea risiti.

Mla Ugali Calgary

"Hapa tunaongelea risiti" 😂😂 Nimekufa.

Dada wa Red Deer

Niseme kitu kimoja cha maana kabla hamjaharibu uzi. Kaka Baba Mbuzi, hata akikuwekea mtutu sahihi leo, usiende nayo kwa koyote mpaka msajili abadilishe rekodi. Kuna jamaa wanadhani ukishafunga mtutu mrefu tayari umehama kundi. Cheti cha usajili kikisoma masharti, chukulia ni masharti. Na mtutu wa kukatwa usiombe wala usikubali, kukata ni balaa jingine, chini ya milimita 457 kwa msumeno unaangukia marufuku moja kwa moja.

Baba Mbuzi

Asante dada. Wewe pekee umesoma. Hilo la rekodi nalijua, ndiyo maana nilitaka kipimo kiwe safi, msajili asiwe na swali hata moja. Mzee anasema "nani atapima?" Mimi nitapima! Mthibitishaji atapima! Nikamuuliza kama yuko tayari kuandika 470 na kusaini. Kalamu alikuwa nayo sikioni. Hakuandika. Alibandika.

Kuli wa Edmonton

Huyu mzee kwangu aliwahi kukaa na darubini ya bunduki msimu mzima wa swala. Namuuliza, anasema "inapumzika". Kwa hiyo sasa naanza kuamini ya kulamba.

Njoro wa Nakuru

Hiyo ya kwenu ni afadhali sana. Mimi nilipelekea fundi gari hapa Nakuru, shida ilikuwa breki ya nyuma. Nikarudi nikapata redio haiko. Nikamuuliza redio iko wapi, akanijibu "boss, si ulisema breki?"

Mla Ugali Calgary

Wacha weee. Kwani hata mafundi wa huko wana majibu hivyo?

Njoro wa Nakuru

Na alinilipisha ya kutoa redio! Iko kwa risiti!

Baba Mbuzi

Jamani, tusitoke nje ya mada. Hivi kuna mtu anajua fundi mwingine mwenye leseni huku upande wa kusini, anayeweza kunipa mtutu wa 18.6 na kuupima mbele yangu?

Mama Kitenge Sinza

Mafundi ni wale wale dunia nzima. Mimi nilipeleka kitenge cha wax, pea nzima, gauni la harusi ya mdogo wangu. Nimepimwa kiuno, kifua, mpaka mkono. Siku ya kuchukua naona gauni linaishia magotini. Kitambaa kilichobaki kiko wapi? Naingia ukumbini, mke wa fundi kavaa blauzi. Kitenge changu!

Shangazi Houston

Mama weee! Na ukamwacha akala ubwabwa?

Mama Kitenge Sinza

Shangazi, kakaa meza ya mbele. Kanipungia mkono. Na huo mkono wa blauzi ulikuwa umekaa vizuri kuliko wangu.

Njoro wa Nakuru

Hiyo imepita redio yangu. Nimekubali.

Mzee wa Shabaha

Mimi suruali ya sare ya kwaya. Mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Fundi akaniambia nisimame vizuri.

Kuli wa Edmonton

😂😂😂 Alipima kwa inchi au milimita?

Baba Mbuzi

Sasa hivi katoka kufunga mlango. Kanipita kwenye dirisha la gari. Bado risiti ipo mfukoni mwake, naiona nyeupe! Hata hakunirudishia!

Mla Ugali Calgary

Mkuu washa gari uende nyumbani, mbuzi wanakungoja. Mama Kitenge, endelea, mke wa fundi ulimfanya nini?

Mama Kitenge Sinza

Nilingoja wakati wa keki, nikamfuata na kamba ya kupimia. Nawaletea yote, ngoja nimalize kukaanga samaki. Ila kabla sijaenda, kuna mwenye namba ya fundi mwaminifu wa magauni hapa Sinza au Mwenge? Nina send-off Jumamosi.

Dada wa Red Deer

Njoo inboksi, mama.