Picha inatoka bluu kwenye notibuku (OpenCV na Matplotlib)

Swali
Wakuu, nasoma picha ya JPEG kwa cv2.imread (ya OpenCV, maktaba ya Python ya kuchakata picha), kisha naionyesha kwa plt.imshow (ya Matplotlib, maktaba ya kuchora grafu) ndani ya notibuku ya Jupyter, ambako kodi huendeshwa seli kwa seli. Nyuso za watu zinatoka bluu, anga inakuwa ya machungwa. Nikilifungua faili lenyewe nje ya notibuku, liko sawa. Nikiisoma kama picha ya kijivu ndiyo vituko: zambarau, kijani na manjano. Tatizo ni faili au kodi (code) yangu?

Jibu 1
Faili halina neno. OpenCV hupanga chaneli (tabaka za rangi za picha) kwa BGR, yaani bluu, kijani, nyekundu, wakati Matplotlib husubiri RGB, yaani nyekundu ndiyo ya kwanza. Kijani kiko katikati kote kuwili, ndiyo maana majani hayaharibiki sana lakini nyuso na anga zinavurugika.

```
bgr = cv2.imread('picha.jpg')
rgb = cv2.cvtColor(bgr, cv2.COLOR_BGR2RGB)
plt.imshow(rgb)
```

Usitumie jina moja kwa zote mbili. Ukiandika img = cvtColor(img, ...) kwenye seli yake peke yake, kila ukiiendesha tena chaneli zinageuka, na bluu inarudi. Kuhifadhi kwa cv2.imwrite, tumia ile bgr.

cvtColor ikilalamika kuhusu `!_src.empty()`, kagua njia ya faili. imread ikikosa faili hairushi kosa, inarudisha None tu.

Jibu 2
Hiyo ya kijivu ni suala jingine kabisa. Picha ya chaneli moja haina rangi, kwa hiyo Matplotlib huipaka kwa ramani yake ya rangi (cmap) ya kawaida, ambayo tangu toleo la 2.0 ni viridis, ya zambarau hadi manjano. Andika:

`plt.imshow(kijivu, cmap='gray', vmin=0, vmax=255)`

Wengi huishia kwenye cmap. Bila vmin na vmax, pikseli yenye giza zaidi inafanywa nyeusi tii na yenye mwanga zaidi nyeupe pe, hivyo picha iliyofifia inaonekana safi kuliko ilivyo. Ukilinganisha mwanga wa picha mbili hapo, unajidanganya.

Muuliza swali
Zote zimekubali, asanteni. Imebaki PNG moja: sehemu zilizotakiwa kuwa wazi zinatoka nyeusi.

Jibu 1
imread kwa kawaida huitupilia mbali chaneli ya alfa, ile inayobeba uwazi wa picha. Soma kwa cv2.IMREAD_UNCHANGED, hakikisha shape[2] (idadi ya chaneli) ni 4, kisha tumia COLOR_BGRA2RGBA.

Jibu 3
Na usiigeuze hiyo PNG ya chaneli nne kwa mkato wa [:, :, ::-1] unaopindua mpangilio wa chaneli, maana alfa itahamia nafasi ya kwanza. Kwa chaneli tatu mkato huo unafaa kuonyeshea picha, ila ukiipeleka PyTorch (maktaba ya kujifunza kwa mashine), torch.from_numpy itaikataa kwa sababu ya hatua hasi (negative strides) kwenye kumbukumbu, malizia kwa .copy(). Walioko Colab (notibuku za Google za mtandaoni) wanaotumia cv2_imshow wasibadilishe chochote, yenyewe inapokea BGR.