Afande mstaafu anautaka ubunge: tumpe au tumwambie apumzike?

Mkulima wa Pamba
Wakuu, habari za jioni. Huku kwetu Kanda ya Ziwa kuna afande kastaafu mwaka jana. Alianzia JKT, akaingia polisi, akaenda Darfur na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, aliporudi akawa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kwenye wilaya mbili, moja ni hii hii yetu. Siku hizi hakosi msiba wala harusi, na kila mtu anajua anachotafuta. Mimi namuunga mkono na sifichi. Tumechoka na watu wanaokuja na mabegi ya kanga na kofia, wakishapata hatuwaoni miaka 5. Mtu aliyeamka alfajiri miaka 30 na kulala kwenye hema jangwani hawezi kwenda Dodoma kusinzia. Anakijua kila kijiji, anajua ng'ombe wa wizi wanapitishwa wapi. Mwenye sababu ya msingi ya kumkataa aiweke hapa. Majungu hapana.

Dereva wa Noah
Kuamka alfajiri? Mimi naamka saa 10 usiku kila siku niwahi abiria wa mnadani, mbona hujanipendekeza? Unasema anakijua kila kijiji. Lazima akijue, kila njia ya kuingia kijijini ilikuwa na askari wake na kizuizi chake. Kipindi chake nilikuwa natenga elfu 10 ya barabarani kabla sijatenga ya mafuta. Watoto wangu wanajua hilo.

Kofia ya Bluu
Dereva, hapo kwenye mnada umenigusa pabaya. Mimi nilikuwa Darfur. Si na huyo afande, nilikuwa upande wa jeshi, JWTZ. Julai 2013 wenzetu 7 waliuawa siku moja, waliviziwa njiani karibu na Khor Abeche. Niliobeba nao maji, niliokula nao sahani moja. Leo mtu anaandika kwa urahisi kwamba kulala kwenye hema ni sawa na kuwahi abiria. Kama humtaki afande sema humtaki, ila jangwa lile usiliguse.

Dereva wa Noah
Kaka, pole, na nasema kutoka moyoni. Sijagusa marehemu wa mtu. Nimejibu aliyesema kuamka mapema ni sifa ya ubunge. Hilo bado nalikataa.

Binti Mwanza
Kofia ya Bluu, pole sana. Lakini wale 7 hawagombei. Anayegombea ni mwingine, alikwenda kama polisi, akarudi mzima, Mungu ashukuriwe. Kila anapotajwa watu wanavishwa majonzi ya JWTZ ili wanyamaze. Huyu ni polisi. Polisi si mwanajeshi, kila mmoja abebe sifa zake.

Wakili wa Kijiweni
Dada, hapo Katiba imekuumbua. Ibara ya 147 inapiga marufuku mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, kura tu ndiyo anaruhusiwa kupiga. Ukishuka kidogo inakwambia mwanajeshi ni nani: Jeshi la Ulinzi, Jeshi la Polisi, Magereza na JKT. Wote wamo kapu moja. Kwa hiyo mbele ya Katiba afande alikuwa mwanajeshi mpaka siku aliyovua gwanda.

Na hilo ndilo swali langu mimi. Mtu kastaafu mwaka jana, mwaka huu ni kada aliyeiva, anajua nyimbo zote, anajua mabalozi wa nyumba kumi kwa majina. Alivijifunza lini? Miaka 30 alikatazwa kuwa na chama. Ama alikuwa nacho moyoni wakati anatusimamia sisi wa vyama vyote, ama kakiokota juzi kwa sababu ya kiti. Katika hayo mawili sioni la kumsifia.

Mkulima wa Pamba
Wakili, umesahau historia. Kikwete alikuwa Luteni Kanali. Kinana alikuwa Kanali. Mfumo wa vyama vingi ulipokuja 1992 wakaambiwa wachague, jeshi au siasa, wakachagua siasa. Mmoja akawa Rais wa nchi, mwingine akawa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Mashariki. Kuna aliyewauliza nyimbo walijifunza lini?

Wakili wa Kijiweni
Historia siijui wewe peke yako. Baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi lilivunjwa, likaundwa jipya kwa vijana wa TANU, na baadaye chama kilikuwa na matawi ndani ya makambi. Askari kuwa mwanachama ilikuwa halali kabisa, tena ilitakiwa. Hao uliowataja walikuwa kwenye chama hadharani, nchi nzima inajua. 1992 mlango ukafungwa. Afande wako kaajiriwa mlango ukiwa umefungwa. Sasa utamfananishaje na Kikwete?

Binti Mwanza
Haya, nimekosea kisheria, nakubali. Ila Wakili umeniumbua kwa furaha mno, kaka.

Hoja yangu iko pale pale na haijajibiwa. Jeshini anayeuliza "kwa nini" anaadhibiwa. Bungeni kazi yenyewe ni kuuliza kwa nini. Umtoe mtu kwenye "ndiyo afande" miaka 30, umpeleke mbele ya waziri, atauliza nini?

Mkulima wa Pamba
Adadi Rajab alikuwa Mkurugenzi wa Upelelezi, akawa balozi Zimbabwe, 2015 akawa mbunge wa Muheza na akaongoza kamati ya Bunge ya mambo ya nje, ulinzi na usalama. Mpelelezi kazi yake ni maswali, dada.

Binti Mwanza
Mpelelezi anamuuliza aliye chini ya ulinzi. Waziri hayuko chini ya ulinzi wake.

Kofia ya Bluu
Angekuwa anagombea bila chama mngesema nini? Mimi ningempa kura bila kufikiri mara mbili.

Wakili wa Kijiweni
Haiwezekani. Mchungaji Mtikila alipigania mgombea binafsi mpaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo si la mahakama. 2013 Mahakama ya Afrika ikampa haki, na mpaka leo sheria iko vile vile. Anayeutaka ubunge lazima apite mlango wa chama.

Dereva wa Noah
Mimi sina Katiba kichwani. Ninachojua huyu anafuata kiinua mgongo cha pili. Kachukua cha polisi, sasa anakwenda kukaa miaka 5 achukue cha ubunge.

Mwalimu Mstaafu
Mmenifikisha mahali pangu. Dereva, hicho cha kwanza unachosema kachukua, unajua ni kiasi gani? Nilifundisha miaka 36. Nimestaafu 2023. Enzi zetu tulijua ukistaafu unapewa nusu kwa mkupuo. Nikakuta kikokotoo, ile hesabu ya mafao yetu, kimebadilishwa Julai 2022, mkupuo ni asilimia 33. Nilikuwa nimepanga nyumba ya vyumba vitatu, nikajenga msingi na kuta. Polisi tuko nao mfuko mmoja wa pensheni, PSSSF, maumivu ni yale yale. Mimi nikimwona askari mstaafu anahangaika na siasa simcheki, najua alichokikuta kwenye akaunti.

Binti Mwanza
Mwalimu, lakini 2024 walipandisha ikawa 40.

Mwalimu Mstaafu
Walipandisha, ndiyo. Wakati huo nilishauza shamba la urithi ili niezeke. Shamba halirudi kwa tangazo la bajeti, mwanangu.

Dereva wa Noah
Mwalimu, shikamoo. Sikukusudia wewe.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Najua hukukusudia. Lakini neno kiinua mgongo mnalitupa kama tusi na kuna watu walikufa wakisubiri faili.

Wakili wa Kijiweni
Kwa haki tu, mkupuo uliposhuka pensheni ya kila mwezi ilipanda, ile asilimia 67 iliyobaki ndiyo inakokotolewa kwenye mwezi. Kuna wazee wanaona ni afadhali hivyo, maana mkupuo mkubwa huishia kwa wajanja.

Mwalimu Mstaafu
Wewe una miaka mingapi? Nijibu kwanza hilo. Mtu wa miaka 60 mwenye sukari unamwambia asubiri kidogo kidogo mpaka lini? Na kama wajanja ndio hoja, mbona mbunge analipwa chake chote kwa mkupuo baada ya miaka 5? Yeye wajanja hawamwoni? 2018 walitaka kutupa 25, kelele zikapigwa mpaka Rais Magufuli akazuia. Bila zile kelele tusingefika hata hapa. Wabunge waliopitisha sheria ya mfuko walikuwemo walimu, madaktari na askari wastaafu. Hakuna aliyesimama kukumbuka alikotoka.

Kofia ya Bluu
Mwalimu, sisi JWTZ pensheni yetu iko Hazina, lakini kilio nakielewa. Kaka yangu ni mwalimu.

Mkulima wa Pamba
Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Sikuanzisha mjadala wa kikokotoo.

Mwalimu Mstaafu
Ndiyo mada yenyewe. Mwambie afande wako aseme hadharani msimamo wake juu ya kikokotoo, kura yangu na za wastaafu 40 wa kikundi chetu anazo kesho asubuhi. Mambo ya hema hatuyahitaji.

Binti Mwanza
Na mimi nataka aseme kuhusu kubambikia watu kesi. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande ilikabidhi ripoti Julai 2023, na ilizungumzia polisi kwa uchungu. Mtu aliyekuwa OCD kipindi hicho ana la kutueleza kuliko mgombea mwingine yeyote. Akifungua mdomo kuhusu hilo nitamsikiliza mpaka mwisho. Akiendelea na misiba na harusi, hapana.

Mama Lishe wa Stendi
Nimewasoma tangu juzi bila kuandika. Mimi namfahamu huyo baba. Mwanangu wa pili alikamatwa usiku na bodaboda ya mtu, ikasemekana kaiba. Kituoni kuna bango limeandikwa dhamana ni bure, na aliyekaa chini ya bango ananiuliza nina laki ngapi. Nikalia pale nje. OCD akapita na gari, akashuka, akauliza huyu mama ana nini. Akaingia ndani mwenyewe, mwanangu akatoka saa hiyo hiyo, sikutoa hata mia. Kesho yake mwenye bodaboda akakiri yalikuwa madeni yao. Sijui Katiba wala kikokotoo. Huyo baba kura yangu anayo.

Mkulima wa Pamba
Mama, ahsante. Ndivyo nilivyotaka watu wasikie.

Dereva wa Noah
Mama, ilikuwa mwezi gani?

Mama Lishe wa Stendi
Wakati wa kupalilia, kabla ya Pasaka. Kwa nini?

Dereva wa Noah
Kwa sababu mdogo wangu alikuwa ndani humo humo. Alikaa siku 4 bila kufikishwa mahakamani, na sheria inasema saa 24. Mwanao atakuwa anamkumbuka, ana kovu kwenye shavu. Sisi tulitoa laki 3 ndipo akatoka, na risiti hatukupewa. OCD ni huyo huyo, na kama aliingia ndani usiku ule, alimwona.

Mama Lishe wa Stendi
Mwanangu alinisimulia kuna kijana waliyegawana naye shati alalie. Sikujua ni wa kwenu.

Mkulima wa Pamba
Jumamosi atakuwa kwenye msiba wa mzee wa mnadani. Dereva, njoo na mdogo wako. Nitakaa naye pembeni mimi mwenyewe, aulizwe.

Dereva wa Noah
Msibani siji kumuuliza mtu. Siku atakayoitisha mkutano na kipaza sauti, niite. Nitakuja naye.