Naomba ushauri: kanisa la mawe, chokaa au saruji?

Habari zenu wakuu. Kijijini kwetu, wilaya ya Mpwapwa, tuna kanisa la mawe lililojengwa kwa chokaa enzi za babu zetu. Plasta inabanduka chini ya madirisha, na nyuma ya altare kuna mchoro uliofifia. Kamati ya ujenzi inataka kupiga plasta ya saruji na kupaka rangi upya kila mahali, mchoro ukiwemo.

Napinga kwa nguvu zote. Chokaa huacha ukuta upumue. Saruji hufungia unyevu ndani, chumvi inapanda na mawe yanaanza kumomonyoka. Na huo mchoro, nani anakumbuka ulivyokuwa? Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza.

Ila kupinga tu hakutoshi, mvua zinakaribia. Kuna fundi wa chokaa Dodoma au Singida mnayemwamini? Kwa ukuta wa mawe, sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga inatosha? Na mchoro, tuufute vumbi kwa brashi laini, au tusiuguse kabisa mpaka aje mtaalamu? Aliyewahi kuwaomba watu wa Idara ya Mambo ya Kale ya serikali waje kukagua, anielekeze pa kuanzia.