Tupeane uzoefu: ni nani amewahi kufundishwa kuwatunza wazee pamoja na watu wa fani nyingine?

Wenzangu wa Lubumbashi, mimi ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya huko Katuba. Mwezi uliopita nililetewa mzee wa miaka 78, mstaafu wa migodini, aliyekuwa ameanguka mara tatu usiku. Alikuja na fishi nne, yaani kadi za matibabu, kutoka sehemu nne. Daktari mmoja alimwandikia captopril pamoja na dawa ya kuongeza mkojo kwa ajili ya shinikizo la damu, na duka la dawa la mtaani likamuuzia diclofenac kwa ajili ya magoti, mchanganyiko ambao unaweza kudhuru figo, hasa kwa mtu wa umri wake. Kila mmoja alikuwa ametibu kipande chake, na hakuna aliyemwona mzee mzima. Shuleni sikuwahi kukaa darasa moja na wanafunzi wa udaktari wala wa famasia. Aliyewahi kufundishwa hivyo atusimulie: mlifanya nini hasa, na kulibadilika nini mliporudi kazini?

Mfamasia, Kamalondo
Yaya muuguzi, mimi nilihudhuria mafunzo ya siku tatu. Siku ya pili tuliletewa mfuko wa plastiki wenye dawa zote za kambo mmoja, yaani mzee mwenye wajukuu, tukaumimina mezani. Nilikuwa wa kwanza kuona kwamba Lasix na furosemide zilizokuwemo ni dawa ileile yenye majina mawili, nami nikajisifu kimoyomoyo. Kisha muuguzi aliyekuwa kando yangu akaeleza kwamba kambo huyo hajui kusoma na kwamba mjukuu wake wa miaka tisa ndiye humgawia vidonge kwa kufuata rangi, kwa hiyo siku duka linapobadilisha kampuni na rangi ikabadilika, mtoto hukisia. Mimi nilijua dawa. Yeye alijua jinsi zinavyomezwa. Tangu siku hiyo, kabla ya kumpa mtu mzima dawa, huuliza kwanza ni nani atakayemgawia.

Mwanafunzi wa uuguzi
Sisi tulikusanywa na wenzetu wa maabara na wa udaktari katika ukumbi mmoja, tukasomewa somo juu ya ushirikiano, kisha kila kundi likatoka kwa mlango wake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2010 kwamba elimu ya namna hii hupatikana pale wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Sisi tulipata viti tu.

Mtaalamu wa fiziotherapia, Kenya
Katika mafunzo yetu, daktari alipewa saa ya kupima muda nami nikapewa mashine ya shinikizo la damu, yaani kila mmoja alishika kazi ya mwenzake. Mama mzee aliinuka kitini, akatembea mita 3, akageuka, akarudi na kuketi. Anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa katika hatari ya kuanguka, naye alitumia 21. Kisha nikampima shinikizo akiwa amelala, na tena baada ya kusimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu, ambayo ikishuka hivyo mtu anaposimama huweza kumwangusha, ilishuka kwa zaidi ya 20, jambo ambalo daktari, kama alivyokiri mwenyewe, hangeliona kwa sababu miaka yote amekuwa akipima wagonjwa wakiwa wameketi. Ila aliyetufundisha zaidi ni binti wa mama huyo, aliyekuwa amekaa mlangoni na ambaye hakuna aliyemkaribisha. Alisema choo kiko mwisho wa uwanja, hakuna taa, na mama huamka mara tatu kila usiku kwa sababu dawa ya mkojo huimeza jioni. Dawa ikahamishiwa asubuhi, na ndoo yenye kifuniko ikawekwa kando ya kitanda.

Daktari mstaafu
Jambo hili si la jana. Mwaka 1935, daktari Marjory Warren alikabidhiwa mamia ya wagonjwa wa muda mrefu katika hospitali ya West Middlesex, London, wengi wao wazee walioachwa vitandani. Aliwapima upya mmoja mmoja, akawashirikisha wauguzi na wataalamu wa mazoezi, na baadhi yao wakarudi makwao. Kwetu kikwazo ni malipo. Mgonjwa hulipia daktari, hulipia sindano, hulipia maabara, lakini hakuna anayelipia watu wanne kukaa na kuzungumza juu yake. Mafunzo yasiyogusa jambo hilo huisha pamoja na chai.

Muuguzi, Katuba
Asanteni. Nimempima mzee wangu akiwa amelala, kisha amesimama: 152 ilishuka hadi 120. Nilimpigia simu daktari aliyeandika dawa. Kwanza aliuliza mimi ni nani, halafu akaniomba nimsomee namba tena, polepole. Diclofenac imesimamishwa, na figo zitapimwa wiki hii. Keshokutwa jioni nitakwenda nyumbani kwake na mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye ameomba mzee atembee kutoka kitandani hadi chooni kwa njia yake ya kila usiku, sisi tukiwa kando yake, taa ikiwa imezimwa.